Watoto Wanne Mpaka Machi

Jumatano, 12 Novemba

Abbé Rigobert, padri mkuu wa shule yetu, ameniita ofisini, akanipa chumba kimoja, kabati lisilofungika na watoto wanne. Mwalimu Clovis, aliyeanzisha timu ya roboti, amepata kazi mgodini upande wa Kinsevere, akaondoka juzi bila hata kufuta ubao. Nilimkumbusha Abbé kwamba mimi ni mtunza stoo wa shule, kwamba kabla ya stoo nilikuwa mkuu wa stesheni miaka kumi na tisa, na kwamba roboti nimeiona kwenye televisheni tu. Akacheka. Roboti na mashindano yake ya Machi, alisema, ni kazi ya watoto.

"Kazi yako, papa Adalbert, njo kuchunga aba batoto bane, basisambae mpaka mwezi wa tatu. Bakifika ku concours, chumba iko yabo. Basipofika, nitaiweka classe."

Siwezi kumlaumu. Kidato cha kwanza wanakaa watatu kwenye dawati la wawili.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimewaona. Aristote ndiye kapteni, ana miaka kumi na saba na mdomo wa mwanasheria. Baba yake, mtu wa Kasai, anauza vitambaa soko la hapa mjini, mtaa wa Kenya, na nadhani kipaji kimetoka huko. Plamedie anaandika programu kwenye kompyuta iliyong'oka herufi mbili. Fils anakata bati na kufunga skrubu, na hasemi mpaka umuulize mara mbili. Wa nne ni Lydie. Kwenye orodha aliyoiacha Clovis, mbele ya jina lake pameandikwa "vifaa", basi. Anakaa mtaa wa mbali, Ruashi, na mama yake.

Roboti yenyewe ni kigari cha magurudumu matatu chenye mkono wa bati. Kwenye mashindano kitatakiwa kufuata mstari mweusi sakafuni, kuokota makopo matatu na kuyatia ndani ya sanduku, kwa dakika tatu, bila mtu kukigusa. Leo kimefuata mstari mpaka kona ya kwanza, kikaenda kugonga ukuta. Kila mmoja akamlaumu mwenzake. Bisibisi mbili zimepotea na hakuna anayejua nani alizishika mwisho. Nimeshaona watu wazima wakifanya hivi, na treni ikalala porini siku mbili na abiria wake.

Jumatano, 19 Novemba

Nimeleta kaye mpya, daftari la kurasa mia mbili. Kila kikao tunaandika jina, saa ya kufika, kazi ya siku. Kuna safu ya vifaa na safu ya betri, na hizo mbili anasaini kapteni peke yake, kama alivyokuwa akifanya enzi za Clovis, maana lazima awepo mtu mmoja wa kujibu. Anayechelewa anapata R nyekundu, ya retard. R tatu, anatoka kwenye timu.

Walinitazama kana kwamba nimesoma hukumu. Aristote akasema kwa upole wake wa kejeli kwamba hapa si ku gare, yaani stesheni. Nikamjibu kwamba ndiyo maana hakuna kitu kilichowahi kufika kwa wakati.

Jumamosi, 22 Novemba

Mvua. Wote wamefika.

Jumatano, 3 Desemba

Nimechora ukutani umbo la kila kifaa, na kila kifaa kina msumari wake. Fils alicheka, lakini jioni alirudisha kila kitu mahali pake. Bisibisi moja kati ya zile mbili imepatikana ndani ya mfuko wake mwenyewe wa shule.

Jumamosi, 13 Desemba

Kigari kimepita kona ya kwanza na ya pili. Plamedie alicheza katikati ya chumba, na hata Fils akapiga makofi. Lydie alikuwa amekaa pembeni akitabasamu, ila sikuona alichofanya siku nzima. Umeme haujaonekana shuleni kwa siku nne, lakini kwenye safu ya betri Aristote amesaini "iko". Huyu kijana anaanza kuwa mtu. Sikutegemea, na nimefurahi kukosea.

Jumamosi, 27 Desemba

Likizo. Mvua tangu Noeli, ukuta wa jirani umeanguka.

Jumamosi, 10 Januari

R ya kwanza ya mwaka ni ya Lydie. Dakika arobaini. Aliingia amelowa mpaka nywele, mkono wa kushoto ameuficha ndani ya sweta, akanisalimia kwa mkono mmoja. Kwetu mtoto akimpa mkubwa mkono, mkono wa pili unashika kiwiko. Hata mlevi wa baa za Kamalondo analijua hilo. Nilimuuliza sababu ya kuchelewa. "Mvua, papa." Mvua inanyesha kwa wote, nikamwambia, na wenzake watatu wamefika.

Jumatano, 14 Januari

Hakuna cha kuandika. Paa la stoo linavuja juu ya magunia ya chokaa.

Jumamosi, 24 Januari

Lydie tena, dakika hamsini. Tena mkono mmoja. Akapita moja kwa moja mpaka nyuma kwa Aristote na mfuko wa plastiki, nadhani ni chakula. Wamekaa nyuma wakihangaika nao huku mimi nangoja maelezo. Nilimwita mbele ya wenzake nikampa usia wa chelewa chelewa utakuta mwana si wako. Akainamisha macho. Aristote alifungua mdomo, kisha akaufunga. Nikaona anamwonea huruma mwenzake lakini anaheshimu sheria, na heshima yangu kwake ikaongezeka.

Makopo mawili kati ya matatu yameingia sandukuni. Wiki saba zimebaki.

Jumamosi, 31 Januari

Wote kwa wakati. Makopo mawili. La tatu linadondoka kila mara.

Jumamosi, 7 Februari

Usiku mzima ilinyesha. Asubuhi barabara ya Ruashi ilikuwa mto, mabasi yamekataa kutoka. Lydie alifika saa tatu na dakika ishirini kwa kikao cha saa mbili, matope mpaka magotini, akaenda nyuma, akarudi kusimama mbele ya meza yangu kabla sijamwita. Alijua.

Nilimwambia bila hasira, na hilo nataka liandikwe. Nilisema sheria tuliikubali wote, kwamba nikimsamehe yeye kesho nitamsamehe Fils, na keshokutwa hakuna timu. Nilisema watatu wanatosha kwa kanuni za mashindano. Nilimuuliza kama ana neno. Nikamuuliza mara ya pili.

"Sawa, papa."

Akachukua begi lake, akatoka. Plamedie akaanza kulia. Fils akaweka bisibisi chini badala ya kuitundika, nami nikamwacha. Niliwahi kumsimamisha kazi binamu yangu wa damu kwa kosa dogo kuliko hilo, na ukoo wote ukanisusia mwaka mzima. Sheria isiyouma si sheria. Nimekula vizuri na nitalala vizuri.

Jumatano, 11 Februari

Betri haina kitu. Tuna betri mbili. Moja iko hapa imekufa, ya pili haionekani. Aristote ameacha safu yake wazi. Anasema umeme haukuja. Nikamwambia mbona Desemba umeme haukuja siku nne na betri ilikuwepo. Akasema Desemba ilikuwa Desemba.

Jumamosi, 14 Februari

Umeme umekuja shuleni dakika ishirini, ukaondoka. Kigari kimetembea mita mbili kikasimama. Fils ameichukua betri kwenda nayo kwao. Kwao nako ni giza tangu Jumatatu.

Jumatano, 18 Februari

Fils hakuja. Plamedie na Aristote hawasemezani, kila mmoja amempa mwenzake mgongo. Nimekagua vifaa peke yangu. Vyote vipo kwenye misumari, na sijui vinanisaidia nini.

Jumamosi, 21 Februari

Lazima niandike yote ya leo.

Saa tatu hivi alibisha mtu mfupi mwenye macho mekundu ya watu wa kuchomelea vyuma. Alivua kofia, akanisalimu vizuri, akajitaja: Doudou, mjomba wa Lydie, ana karakana Ruashi. Alikuwa na mfuko wa plastiki. Akaufungua mezani kwangu. Ndani kulikuwa na betri yetu ya pili.

"Ilibakia kwangu, papa. Nilizania mutatuma muntu kuikamata. Siku zinapita, hakuna muntu anakuya. Nikasema nilete, batoto basikose concours."

Nilimuuliza betri ya shule inafanya nini kwake. Akaniangalia kana kwamba nimemuuliza jua linatokea wapi. Karakana yake imeungwa kwenye waya mmoja na mashine ya kusaga unga, akasema, kwa hiyo umeme unampitia kila alfajiri, hata wiki ambayo mji mzima hauna. Tangu mwaka jana, enzi za Clovis, Lydie alikuwa akienda na betri moja na kurudi na nyingine. Jumamosi alfajiri alikaa karakanani akingoja taa ya chaja igeuke kijani. Umeme ukichelewa, naye alichelewa. Kisha anakuja kwa miguu, kwa sababu mvua ikinyesha mabasi hayafiki kule.

"Alikuwa anaibebaka mu sweta," akasema, "mukono moya juu yake, isilowe. Yeye analowa, betri iko mukavu. Nilikuwa namuchekaka sana."

Nilimpa kiti. Akakataa, akasema ameacha kazi wazi. Nikamsindikiza mpaka getini na sikumbuki nilisema nini.

Niliporudi, Aristote na Plamedie walikuwa wamesimama. Walikuwa wamesikia kila neno. Nilimuuliza Aristote kwa nini alisaini. Sauti yake ya kwenye hotuba haikuwepo.

"Mwalimu Clovis alisema kapteni njo anasaini. Sikuandika bongo, papa, sikudanganya. Betri ilikuwa iko."

Ni kweli. Betri ilikuwa iko. Safu yangu iliuliza kama ipo, haikuuliza nani ameileta. Nikamgeukia Plamedie, kwa nini naye alinyamaza siku ile mpaka akalia badala ya kusema. Akajifuta uso.

"Tulihesabia, papa. Lydie akitoka, tunabakia batatu. Tukisema Aristote alisaini kazi ya mwenzake, utamutosha mu timu na yeye. Tunabakia babili. Na babili hatuwezi kufika."

Basi walikuwa wakifanya kazi niliyopewa mimi, ya kutosambaa. Walikuwa wakijilinda dhidi yangu.

Nilitaka kumfokea Aristote nikashindwa, na sababu naijua. Stesheni kwangu kulikuwa na mtu wa kugeuza njia za reli, Mwaba. Miaka kumi na tisa alitembea kwenye mawe yale, jua na mvua, na miaka kumi na tisa kitabu kilisema: njia iko sawa, Adalbert. Wakaguzi walipokuja kunipongeza nilishukuru. Sikuwahi kuwaambia kuna mtu anaitwa Mwaba. Hakuna aliyeniuliza, nami sikuona kama nimeiba.

Kuuliza si ujinga. Ninawaambia watoto hivyo kila wiki. Mimi niliuliza "una neno?" nikiwa nimeshika kalamu nyekundu. Nina haya mpaka kwenye vidole.

Jumatatu, 23 Februari

Nimekwenda Ruashi. Nyumba imefungwa kufuli. Doudou akanieleza yaliyobaki, na nilitamani asingenieleza. Bibi yake Lydie, mwuza samaki wa Kasenga, kule mtoni, alivunjika nyonga mwezi wa kumi na mbili. Tangu hapo mama Edith, mama yake Lydie, alitaka wahamie kule wote wawili wakamwuguze na kushika biashara. Lydie alikataa. Alisema wangojee mashindano yapite, kisha amalize mwaka wake wa shule. Walibishana Januari nzima. Tarehe saba alirudi nyumbani na matope yake akamwambia mama yake sawa, twende. Wameondoka tarehe kumi na tano.

Hajaacha timu tu. Ameacha shule.

Nilikwenda kwa Abbé nikamwambia kila kitu, nimesimama. Aligeuza kalamu mezani.

"Papa Adalbert, nilikuomba kitu kimoja."

Alhamisi, 26 Februari

Simu ya mama Edith haipatikani. Kuna dereva anaitwa Chileshe, analeta samaki wakavu kutoka Kasenga, amekubali kubeba barua. Niliandika tatu. Ya kwanza ilikuwa na neno samahani, nikaichana; nilijiambia mkubwa haombi msamaha kwa karatasi, huenda mwenyewe. Ya pili ilikuwa ndefu na ya kujitetea, nikaichana pia. Ya tatu ndiyo imekwenda: "R zako zote zimefutwa. Nafasi yako ipo. Rudi kabla ya tarehe 14. Adalbert."

Jumamosi, 28 Februari

Fils amerudi baada ya Plamedie kwenda kwao mara mbili. Mvua.

Jumatano, 4 Machi

Lori la Chileshe limekwama njiani, daraja limezama. Makopo mawili.

Jumamosi, 7 Machi

Doudou anatuchajia. Aristote anakwenda kuchukua betri kila mara, sikumtuma. Leo alichelewa saa nzima akaingia amelowa, na wote tukatazama kwingine.

Jumatatu, 9 Machi

Chileshe amefika. Barua alimpa Lydie mkononi, pale mtoni ambako wanapokea samaki. Aliisoma amesimama, akaikunja, akaiweka vizuri. Nikamuuliza dereva huyo Lydie alijibu nini.

"Anasema aksanti. Anasema roboti ifike muzuri."

Nilimuuliza mara tatu kama hakuna kingine. Hakuna kingine.

Jumamosi, 14 Machi

Mashindano. Ukumbi ulikuwa na timu kumi na nne, baadhi zimevaa sare zenye majina mgongoni. Zetu zilikuwa mashati ya shule. Kwenye fomu ya washiriki Aristote aliandika majina manne na mbele ya Lydie akaandika "umeme". Msimamizi akasema asiyekuwepo hahesabiwi, akapiga mstari juu ya jina. Aristote alibishana naye kwa Kifaransa chote alichonacho mpaka nikamshika bega.

Kigari kiliokota kopo la kwanza, la pili, na la tatu pia, la tatu kwa mara ya kwanza tangu Novemba. Dakika mbili na sekunde hamsini. Plamedie hakucheza. Fils alikichukua mikononi akakiangalia kwa chini, kama anatafuta kilichovunjika.

Tumekuwa wa tisa. Abbé amenishika mkono, chumba kinabaki. Alikuwa mwema, hakurudia neno lake la Februari. Ningependa angelirudia.

Jumatano, 25 Machi

Mvua zinapungua. Sijafungua kaye tangu mashindano. Watoto wanaandika wenyewe kwenye ubao nani amefanya nini, na wanaandikana vizuri kuliko nilivyowaandika mimi.

Jumatano, 8 Aprili

Doudou alinitumia ujumbe asubuhi: Lydie yupo, amekuja kuchukua hati zake za shule ili aandikishwe kule Kasenga mwezi wa tisa, gari lake linaondoka saa nane. Nilikwenda hapo hapo. Sikupita stoo wala kuaga.

Alikuwa amekaa kwenye benchi la karakana na bahasha mapajani. Amekonda, mikono yake ina mikato midogo midogo ya samaki. Alisimama kunipisha nikae. Nikamwambia akae yeye, nimekuja kusimama. Nilimpa habari za kopo la tatu, akafurahi kweli, akauliza mkono waliukunja vipi. Akauliza kama Fils bado anaficha bisibisi. Kwa dakika chache ilikuwa kama kikao.

Kisha nikasema nililokuwa nimelibeba. Nilisema samahani, kwa sauti, mbele ya mjomba wake na vijana wawili wa kuchomelea, ambao waliacha kazi wakatazama chini. Nikasema nilimtoa kwa sababu sikujua. Sikujua habari ya betri, sikujua ya taa ya kijani, sikujua kwa nini mkono ulikuwa ndani ya sweta. Ningejua, nisingemtoa. Nilimwambia arudi, nitaongea na mama yake, Abbé amekubali, mwaka bado unaokoleka.

Alifikiri kabla ya kujibu, akichagua maneno, na niliona hataki kuniumiza.

"Papa, wewe byote ulikuwa unaandika. Saa, bisibisi, nani anakohoa. Miye nilizania unajua. Nilisema mu roho, papa anajua betri inatoka wapi, na anasema nitoke. Basi njo vile anataka."

"Sikujua, Lydie."

Doudou alikohoa. Nje gari lilipiga honi, na dereva akaita abiria wa Kasenga. Miezi miwili, kwenye mto ule, Lydie alikuwa ameishi moyoni mwake na mtu ambaye si mimi, mzee aliyeona kila kitu na akamfukuza hivyo hivyo. Na hapo kwenye benchi nilimwomba amwache mtu huyo aniamini mimi, kwa neno tupu, mimi ambaye sikuwahi kupokea neno tupu la mtu yeyote.

"Sikujua," nikasema tena.

"Ndiyo, papa," akasema.

Alilisema kwa adabu, kama tunavyowafundisha. Hakuniamini.